Namna ya Kuliuguza Jani la Mchikichi Bila Kumuuliza Anayejua

Rumonge kila mtu ni daktari wa michikichi. Muuza ndagala ni daktari, dereva wa pikipiki ni daktari, na shemeji yako aliyekuja kutoka Bujumbura kwa arusi ya siku mbili hataondoka kabla ya kukuachia dawa tatu. Mwongozo huu hautaki kuongeza daktari mwingine. Unamlenga mwenye miche mwenyewe: aliyeokota mbegu, akajaza udongo kwenye viriba, akaviingiza ndani ya nyumba kwa kuogopa mbuzi na wezi, na sasa anaona majani yanageuka rangi lakini hataki kuonekana mjinga mbele ya moniteri wa kilimo.

Ukishaamua kutomuuliza mtu, fuata maelekezo haya kwa uangalifu.

Anza kwa kuhofu mapema. Mbegu ya mchikichi iliyoota ikishafukiwa, jani la kwanza huchukua kama mwezi mmoja kutokeza, na likitokeza halina sura ya mnazi wala ya mtende. Ni jani moja jembamba, zima, lisilopasuka, kama la nyasi za kando ya barabara. Hapa mkulima wa haraka hung'oa mchikichi na kuliacha gugu, akalimwagilia gugu hilo miezi miwili kwa mapenzi makubwa. Mwenye subira ataona majani kadhaa ya namna hiyo, kisha yatakuja yenye ncha mbili, na mwishoni yale yaliyochanika ambayo hata mtoto wa shule anayatambua. Hayo yote si ugonjwa. Lakini ukitaka kununua dawa, nunua. Maduka ya sokoni nayo yanahitaji wateja.

Sasa mahali pa kuuweka mche. Weka sebuleni, nyuma ya kochi. Tangu Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuingia hadi mtaa wa Kanyenkoko, watu wengi walihamisha vitu vyao mahali pakavu, na hakuna wa kukulaumu kwa kuhamisha kitalu. Ndani ya nyumba mche utarefuka upesi, utapauka, jani litalegea na kulala. Mgeni akiuliza, usikubali kwamba ni giza. Mwambie ni virusi vipya.

Mtu mmoja akikushinda kwa hoja, akakwambia mchikichi unataka mwanga, basi mkomoe: toa miche yote siku moja, saa sita mchana, katikati ya kiangazi cha Agosti, uipange juu ya sakafu ya saruji. Haitachukua siku nyingi utaona mabaka meupe yanayogeuka kahawia katikati ya jani. Ni kuungua kwa jua, lakini jua halina wa kulishitaki, kwa hiyo tafuta jirani mwenye jicho baya. Wanaolea miche kwa kazi hawana mambo haya. Miezi mitatu minne ya mwanzo huiweka kwenye viriba vidogo chini ya kichanja cha makuti, nje, penye hewa. Kisha hupunguza makuti kidogo kidogo mpaka mche unaota jua kamili, ndipo unapohamishiwa kiriba kikubwa. Mbuzi huzuiwa kwa ua. Nyumba hubaki ya watu.

Katika maji kuna njia mbili za kufaulu kuua. Ya kwanza ni kupanda kwenye bidoni iliyokatwa nusu bila kutobolewa chini. Mwagilia asubuhi, mwagilia jioni, na mtoto akirudi shule mwambie naye amwagilie. Mizizi itakosa hewa, majani ya chini yatakuwa njano, udongo utanuka, nawe utasema mche una kiu kwa kuwa umenyong'onyea. Ongeza maji.

Njia ya pili ni kuusahau mche kati ya Juni na Septemba. Jani linalofunguka huku maji hayatoshi hushikana lenyewe kwa lenyewe, likabanwa katikati, likakunjamana juu na chini ya pale lilipobanwa. Ukilitazama utaapa kwamba mtu amelifunga uzi. Na kweli, ukilipeleka kwenye baraza la baada ya alasiri, kabla kahawa haijapoa mtakuwa mmekwisha kumjua aliyefunga, kisa cha kufunga, na bei ya kufunguliwa. Mfungaji ni ndoo iliyokaa tupu wiki nzima. Bei ya kufunguliwa ni lita moja hadi mbili kwa siku kwa mche mkubwa wa kiriba, na jani linalofuata litatoka zima. Lile lililokunjamana halitanyooka tena, hata ukilisomea.

Kwa wanaochota ziwani moja kwa moja, neno la upande. Maji ya Tanganyika ni mazuri kwa mukeke na kwa kuogelea, lakini yana ualkali mwingi; pH yake inakaribia 9. Ukimwagilia hayo tu mwaka mzima, udongo wa kiriba hupoteza uchachu wake na mizizi hushindwa kuyachukua madini ya chuma hata kama yamo. Majani machanga yatatoka na weupe-weupe. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, na Oktoba hadi Mei hushuka bure juu ya bati lako.

Tufike kwenye rangi ya njano, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kanuni ya mjini ni moja: njano ni mbolea. Basi nunua Imbura, Totahaza na Bagara za kiwanda cha FOMI, zote tatu kwa siku moja, uzichanganye kwenye beseni, kisha jaza mkono na kurundika shingoni mwa mche ukiwa bado umelowa. Ncha za majani zitakauka na kuwa kahawia. Sema: mbolea za siku hizi si kama za zamani.

Asiye na haraka huliuliza jani maswali mawili. La kwanza: njano imeanzia wapi? Mche mzima ukipauka, kuanzia majani ya zamani, huenda naitrojeni imepungua, na mbolea kidogo, mbali na shina, inatosha. La pili ni zuri zaidi, nami nalipenda kwa sababu halihitaji maabara. Jani la zamani likigeuka njano ya machungwa, tafuta sehemu iliyofunikwa na jani jingine. Ukikuta pale penye kivuli pamebaki kijani na penye jua pamegeuka rangi, mpaka wake ukiwa umekatika waziwazi, umepata upungufu wa magnesiamu. Unaweza kumwonyesha shemeji, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu arusi. Madoa ya rangi ya machungwa yanayoungana taratibu ni mazungumzo ya potasiamu. Jani linaloishia na ndoano, au fupi na lenye mikunjo, mara nyingi linalilia boroni, ambayo huwekwa kwa kipimo kidogo mno. Wenye mkono mzito wakae mbali nayo.

Madoa ya kahawia nitayapita haraka, kwa kuwa dawa yake haimpendezi mtu. Afrika tunayo Cercospora, kuvu wa kwetu kabisa, anayeanza kwa vidoa vidogo vyenye duara la njano. Yupo Curvularia naye, mwenye madoa makubwa zaidi. Na upo ugonjwa wa chule, unaokausha jani kuanzia ncha au ukingo mara tu baada ya kuhamisha mche kwa kuuvuta na kuvunja mizizi. Wote hupenda viriba vilivyobanana na majani yanayolala yamelowa. Achanisha viriba, sogeza vile vikubwa mpaka viwe na nafasi ya kama sentimita 80 kati yake, mwagilia asubuhi badala ya magharibi, kata majani yaliyooza uyachome. Dawa ya kuvu inakuja baada ya hapo. Mafuta ya taa hayaji kabisa. Na jani likiwa na rangi ya shaba huku chini yake kuna vijidudu vyekundu vinavyotembea, ni utitiri. Kabla hujatafuta sumu, jaribu kuwaosha kwa maji ya nguvu.

Nimefika kwenye jambo ambalo hakuna dawa yake, na ndilo linalowashinda watu wema. Katika kila kitalu kuna miche iliyozaliwa vibaya. Mmoja una majani membamba yanayosimama wima. Mwingine una michirizi myeupe toka chini hadi juu. Wa tatu umejisokota kwa sababu aliyepanda alifukia mbegu kichwa chini, mzizi juu, naye akabishana. Ipo iliyodumaa tu, bila sababu. Vitalu vya kawaida hutupa mmoja kati ya mitano au sita, na havioni haya.

Wewe usitupe. Uhurumie. Upe jina. Upe kiriba kikubwa zaidi kuliko miche mizima, upe samadi ya kuku, uusogeze dirishani wageni wauone. Miezi kumi na mbili ikitimia, uupande shambani. Hekta moja hubeba michikichi 143, ikipandwa mita 9 kwa pembetatu, kwa hiyo huyo kipenzi chako atakalia kwa muda wa miaka 25 karibu mita za mraba 70 za ardhi ya Imbo, ardhi ambayo watu wa Rumonge wameigombania mahakamani kwa miongo, bila kukupa mkungu wa maana. Ukiona aibu kuupanda kwako, mpe zawadi mkwe wako wa Bururi, kule milimani kwenye baridi, ambako hata mchikichi mzima hauzai. Atashukuru sana.

Baada ya haya yote huenda bado una mche mmoja wenye majani ya kijani kibichi, mapana, bila doa. Hapo ndipo nakuomba uwe na wasiwasi.

Ulipata wapi mbegu? Kama wengi: uliona mchikichi wa jirani wenye ngazi nono, kokwa nyembamba, ukaomba mkungu. Huo wa jirani ni tenera. Mwaka 1941, huko Yangambi karibu na Kisangani, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba tenera ni chotara: mama dura mwenye kokwa nene, baba pisifera asiye na kokwa. Tenera akizaa na tenera, robo ya watoto hurudi kuwa dura, na robo nyingine huwa pisifera, ambao wengi wao mikungu yao huoza kabla ya kuiva. Ni nusu tu wanaofanana na wazazi. Na kitaluni wote wana majani yaleyale. Hakuna doa, rangi wala mkunjo utakaokuambia nani ni nani. Utajua matunda yakitoka, miaka mitatu baada ya kupanda, ukishalipa vibarua, mbolea na palizi. Dura anakupa mafuta pungufu kuliko tenera kwa karibu robo. Pisifera anakupa kivuli.

Ndiyo maana ng'ambo ya mpaka, Kigoma, baada ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, kuisukuma kampeni ya michikichi mwaka 2018, kazi kubwa ya kituo cha utafiti cha TARI Kihinga ikawa ni kuzalisha mbegu za tenera kwa kuchavusha dura kwa mkono. Dura na pisifera wakikutanishwa hivyo, watoto wote ni tenera. Kwetu, swali hilohilo wapelekee watafiti wa ISABU, au watu wa mawese wa OHP.

Kwa hiyo kabla hujanunua dawa yoyote ya jani, fanya kama wanavyofanya wazee posa inapoletwa nyumbani. Muulize muuzaji wa mbegu: mama yake nani, baba yake nani? Asipoweza kutaja, rudisha faranga zako mfukoni na usinunue.