Kwa Wasomaji Wangu wa Ofisi ya Rasilimaliwatu

Waheshimiwa,

Naiandika barua hii kwenye kompyuta ya kampuni ili iwafikie kabla sijaituma.

Hongereni kwa programu mpya. Inapiga picha ya skrini bila hodi, inahesabu nilivyobofya, na kipanya kikitulia kidogo inaniandika mtoro. Juzi nilikuwa chumba cha mikutano, mteja anasaini mkataba. Ripoti ikasema sikufanya kazi. Mwenzangu mmoja (simtaji, ingawa mnamjua) anasukuma kipanya kwa kiwiko huku akila chipsi mayai, na mwezi uliopita ndiye aliyeongoza kwa bidii.

Kwa kuwa WhatsApp yangu huwa wazi kwenye kompyuta hiyo hiyo, naamini mmeshaingia kikundi cha harusi ya mdogo wangu bila kuongezwa na admini. Karibuni. Kadi ya mtu mmoja ni shilingi 50,000, ya wawili 80,000. Na mlioona majibu ya vipimo vya mama watoto, asanteni kwa kutoniuliza anaendeleaje; mngeuliza, ningejua mmesoma.

Kuna wachochezi wanaotaja Romania. Huko mwajiri alimfukuza Bogdan Bărbulescu mwaka 2007, baada ya kuchapa kurasa 45 za mazungumzo yake ya Yahoo Messenger, yakiwamo ya mchumba na ndugu yake. Kwamba vyombo vya kazi si vya mambo binafsi, alijua. Kwamba watasoma hadi neno la mwisho, hakuambiwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua, kwa kura 11 dhidi ya 6, kwamba faragha yake haikulindwa. Lakini Romania ni mbali. Sisi tuna Ibara ya 16 ya Katiba tu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotaka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani. Vijimambo.

Ombi langu ni moja. Madai yangu ya saa za ziada yako kwenu tangu Februari, na kila nikiulizia naambiwa barua haijasomwa. Kumbe nilikosea njia: niliipeleka kwa mkono, ikasainiwa kwenye dispachi. Leo usiku nitamtumia mke wangu barua hiyo, na juu yake nitaandika, “Siri, usimwonyeshe mtu.”

Nategemea malipo kabla ya Ijumaa.

Wenu mtiifu,
Dawati la dirishani