Ombi la Kufanywa Siri ya Serikali

Kwa Waziri wa Fedha,
Hazina ya Taifa,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINTARAFU: HIFADHI YA SIRI ZANGU

Naomba heshima ileile mnayoipa mikataba yenu. Mkopo wa reli ya SGR mliotiliana saini na Benki ya Exim ya China mwaka 2014 ulistarehe kabatini miaka minane. Ibara ya 35 ya Katiba, ile ya haki ya kupata habari, ilibisha hodi, Mahakama Kuu ya Mombasa ikabisha, na Novemba 2022 Kipchumba Murkomen, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, akatuonyesha sehemu. Humo mlikuwa na kifungu cha kuficha masharti, na kingine cha kupeleka mizozo Beijing.

Nami nina deni kwa mama mboga. Naomba masharti yake yawe siri, na akinidai hadharani, kesi isikilizwe Beijing.

Maana mwananchi hana kabati. Asiye na mshahara akijisajili kwa bima ya afya ya jamii, huulizwa nyumba yake imejengwa kwa nini, choo chake ni cha aina gani, anafuga nini. Mswada wa Fedha wa 2024 nao ulitaka watoza ushuru walegezewe Sheria ya Kulinda Data ya 2019, mpaka vijana walipojaa barabarani na mswada mzima ukatupwa.

Msishangae basi kwamba mwaka 2023 watu walipanga foleni katika ukumbi wa KICC, Nairobi, wakauachia mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin picha za mboni zao kwa takriban shilingi 7,000. Mliisimamisha kazi hiyo, na mlifanya vyema. Ila mzee wa mpango wenu wa ruzuku wa Inua Jamii, aliyetimiza miaka 70, hupata 2,000 kwa mwezi. Macho yanalipa kuliko mvi.

Kuna njia ya kuwasaidia watu isiyohitaji kuhesabu kuku wa mtu. Huko Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly limekuwa likilipa watu wazima wa vijiji vizima takriban shilingi 2,250 kwa mwezi, mwenye nacho na asiye nacho. Watafiti walitafuta uvivu, wakakuta biashara ndogondogo zimeongezeka.

Mtasema Hazina haina pesa. Huenda ni kweli. Lakini anayetuambia hivyo ndiye aliyeficha karatasi za madeni, na hesabu isiyoonekana haina mshindi wala mshinde. Tufungulieni vitabu kwanza, ndipo tubishane kama nchi inamudu kumlipa kila mtu.

Mkikataa, tubadilishane fomu. Serikali ijaze ile ya bima: imekopa kwa nani, kwa riba gani, na ng'ombe gani wamewekwa rehani. Mimi nitajaza yenu, ambayo najua ina neno moja tu, tena la muhuri mwekundu.

Wako mtiifu,

(Jina limehifadhiwa kwa sababu za usalama wa taifa)