Jinsi ya Kupiga Picha Umati Unaomtazama Babu Yako

Mzaliwa wa Kasongo au Kabambare, mashariki mwa Kongo, anayetaka kupiga picha kubwa za watu wakitazama sanaa ndani ya jumba la kale asihangaike kutafuta jumba nyumbani. Sanaa ilishatangulia Ulaya. Sanamu za wahenga wa Babuyu wa Kabambare zimo Tervuren, karibu na Brussels, katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1910. Zifuate. Ubalozini wakikuuliza sababu ya safari, sema utalii. Ukisema unakwenda kumwona babu, watakudai barua ya mwaliko kutoka kwake.

Beba kamera ya filamu ya sentimita 20 kwa 25 na stendi ya miguu mitatu. Jifunike kitambaa cheusi. Kwenye kioo cha nyuma jumba lote litaonekana miguu juu, kichwa chini. Usiharakishe, lifaidi kidogo hivyo hivyo. Ndani mwanga ni hafifu, kwa hiyo lenzi hukaa wazi sekunde kadhaa: anayepita mbio hugeuka ukungu, aliyetulia hutoka vizuri. Ukitaka wageni waliotulia, tega kamera mkahawani.

Siku ya jua (Ubelgiji nako hutokea) nenda kwenye ukuta wa makumbusho hayo wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo enzi za Mfalme Leopold II. Mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji kwa maonyesho, na watu zaidi ya milioni moja wakaja Tervuren kutazama. Wakongo saba kati yao walikufa. Ukuta huo haukuwa na nafasi yao, mpaka msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa alipoandika majina yao kwenye vioo vya madirisha, na jua likayaangusha kama vivuli juu ya yale 1,508. Hapo usimpange mtu. Subiri jua tu.

Kisha mwige mpiga picha Mjerumani Thomas Struth, aliyeanza kuwapiga picha wageni wa makumbusho ya Louvre mwaka 1989. Mwaka 2004, huko Florence, aliweka kamera upande wa sanamu ya Daudi na kupiga picha nyuso za watazamaji. Nawe simama ubavuni mwa babu, upige anachokiona yeye: vinywa wazi, simu juu, mtoto anayelilia aiskrimu.

Fanya haraka, kwani tangu 2022 Ubelgiji ina sheria ya kurudisha vilivyochukuliwa isivyo halali. Vikirudi vitashukia Kinshasa, na barabara ya kutoka Kabambare kwenda huko mnaijua. Wakubwa wa Kinshasa, tafadhali: mkipokea makasha, ulizeni Kabambare iko wapi.