Kabla ya Kuruka na Skwadi ya Kilosa

Umepakua PUBG Mobile, umejiunga bando, na kijana mmoja wa Kilosa amekualika kwenye skwadi ya watu 4. Unadhani unakwenda kupambana na wapinzani 96. Pole sana. Unakwenda kusalimiana.

Ndege ikiwa bado angani, usiulize mnatua wapi. Utaulizwa za huko, za nyumbani, za mvua. Nawe uulize kama Mto Mkondoa umetulia. Anayeruka kabla salamu hazijaisha hutua peke yake, na akipigwa risasi hutambaa akilia "niinueni!" huku wenzake wakiulizana bei ya mchele. Wanamsikia vizuri tu.

Maiki usiizime. Mchezaji bubu huonekana ana maringo. Lakini ujue inanasa kila kitu: mama wa mmoja wenu akipita nyuma, semeni shikamoo wote, hata kama mmezingirwa. Mkikaa kimya atauliza mwanawe anacheza na watoto wa nani, na simu itanyang'anywa hapo hapo.

Sasa matusi, maana hapa ndipo wageni wanapoharibu. Ukisikia Mgogo anamwambia Mhehe kwamba hajui hata bunduki inashikwa upande gani, afe haraka wengine waokote kofia yake, usikimbilie kumripoti. Hao ni watani, na dakika moja baadaye huyohuyo Mgogo atavuka uwanja mtupu kwenda kumwinua. Hatari ni wewe kuiga. Usiye mtani wa mtu ukirudia maneno hayo, maiki zote zitanyamaza, na utamaliza mechi ukizungumza na nyasi.

Uongozi asipewe abiria wa SGR. Tangu safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zianze mwaka 2024, makamanda wameshaganda katikati ya amri, treni inapoingia mahandaki ya Kilosa. Bora dereva wa lori aliyeegesha Mikumi kwa usiku huo: ana muda, na ana habari zote tangu Tunduma. Ubaya wake, atazimaliza zote.

Mwisho, bando. Anayetoweka bila kuaga haaminiki hata MB zikiwa zimemwishia kweli. Itasemwa alikimbia kipigo. Kwa hiyo aga mapema, mechi moja kabla, kwa sababu kuagana nako kunakula mechi nzima.