Shela za Sinema na Bajeti ya Kamati

Asheville, North Carolina
Mei 2016

Shangazi mpendwa, Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi, pamoja na wajumbe wote,

Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu, hasa juu ya ile bajeti mliyoibandika kwenye kundi la WhatsApp. Shela milioni nne! Nilikuwa nakunywa chai, ikanipalia, nikakohoa mpaka jirani akagonga ukuta.

Dhumuni la barua hii ni kutoa taarifa ya utekelezaji. Niliposema nakwenda kutazama maonyesho ya nguo za harusi za kwenye sinema, kamati iliniagiza nipige picha kila shela, mbele, nyuma na ubavuni, ili mdogo wangu anayeolewa achague na fundi ashone. Agizo hilo limeshindikana. Ndani ya nyumba yenye maonyesho hayo tulikatazwa kupiga picha, na kila chumba kina mtu amesimama, anakutabasamia vizuri kabisa huku jicho lake liko kwenye mfuko wako wa simu. Kwa hiyo nawaletea maneno matupu. Mwenye kipaji cha kuchora kwenye kamati na achore.

Safari yenyewe sikuigharamia mimi. Mnajua kazi yangu huku ni kutunza wazee. Bibi ninayemhudumia sasa anatembelea kiti cha magurudumu, ameshapita themanini, na ameolewa mara tatu, hivyo mambo ya shela anayajua kwa vitendo. Ndiye aliyenilipia kiingilio. Nilipokigeuza kuwa pesa ya madafu nikakuta kichwa kimoja ni zaidi ya laki moja. Kwetu ukitoa laki unapewa kadi, unakula, unakunywa, unacheza, na ukiwa na bahati unaondoka na kipande cha keki kwenye leso. Huku umetoa laki kwenda kutazama magauni ambayo hakuna aliyeolewa nayo, na hupewi hata karanga.

Sasa nyumba. Inaitwa Biltmore. Ukishapita getini unaendesha kama kilomita tano ndani ya msitu kabla hujaiona, nami njiani nilianza kuamini tumepotea. Aliyeijenga ni George Washington Vanderbilt, mjukuu wa Cornelius Vanderbilt, yule tajiri wa meli na reli. Babu alichuma, baba akaongeza, mjukuu akaajiri mafundi. Ujenzi ulianza 1889, na mkesha wa Krismasi mwaka 1895 akawafungulia ndugu zake mlango. Vyumba 250. Vya kulala 35, bafu 43, meko 65. Huko chini kuna bwawa la kuogelea la ndani. Bibi alipandishwa kwa lifti, na nataka kamati ijue kwamba nyumba hii ilikuwa na lifti tangu 1895, nayo bado inafanya kazi. Nasema hivi kwa sababu ya ule ukumbi mliolipia kishika uchumba, ghorofa ya nne, ambao mmoja wenu ameandika kwa furaha kwamba “lifti inashughulikiwa”.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba bwana huyu alihamia humo akiwa kapera. Vyumba 250, mke hana! Alikuja kuoa mwaka 1898, huko Paris, akamwoa Edith Stuyvesant Dresser. Kwetu kijana akipata vyumba viwili na choo cha ndani, shangazi zake wanaanza kumkalia vikao usiku. Wewe Shangazi mimi ulinikalia nikiwa na chumba kimoja na jiko la mchina. Ingekuwa huyu Vanderbilt ni wa kwako, naamini hiyo 1895 isingeisha.

Shela zenyewe wamezisambaza vyumbani humo, juu ya masanamu, na mabwana harusi wengine wamesimamishwa pembeni na makoti yao marefu. Karibu zote zimetoka London, kwa kampuni iitwayo Cosprop, aliyoianzisha John Bright mwaka 1965. Kazi yao ni kushona nguo za zamani kwa ajili ya sinema, tamthilia na televisheni, kisha kuzikodisha. Mwaka jana walileta hapa hapa nguo za tamthilia ya Downton Abbey, na Bibi alikwenda na mtu mwingine, jambo ambalo ananikumbusha kila tukigombana. Huyo Bright na mwenzake Jenny Beavan walipata Oscar kwa mavazi ya filamu ya A Room with a View, iliyotoka 1985. Watu wana tuzo kubwa kuliko zote za sinema, na bado wanaishi kwa kukodisha nguo. Andika hilo pembeni ya bajeti, Shangazi, tutalihitaji.

Bibi alikuwa na shela moja tu aliyoifuata, ya Kate Winslet katika Sense and Sensibility ya mwaka 1995, sinema iliyoongozwa na Ang Lee kutoka kitabu cha Jane Austen cha 1811. Winslet ni Marianne, msichana anayependa kwa fujo, anaugua nusura afe, mwishoni anaolewa na Kanali Brandon, mtu mzima mwenye subira. Kanali aliigizwa na Alan Rickman, ambaye amefariki Januari mwaka huu. Tulipofika mbele ya lile gauni, lenye nakshi za nyuzi zinazometa, Bibi akaanza kulia. Nikampa leso. Akalia zaidi. Nikafikiri anamlilia Rickman, kumbe anamlilia mume wake wa pili, ambaye anasema walifanana sauti.

Ili kumtuliza nikamkumbusha mwisho wa sinema ile. Maharusi wanatoka kanisani, Kanali anasimama, anarusha sarafu juu, zinaangukia watu. Nikamwambia, “Bibi, huko ni kutunza. Sisi tunafanya kila Jumamosi.” Akaacha kulia papo hapo, akauliza hizo hela zinazotunzwa anaziokota nani. Nikamweleza kwamba kuna mjumbe maalumu wa kamati mwenye beseni. Akauliza, zikishaokotwa zinakwenda wapi. Nikamwelekeza chumba cha pili.

Nyingine nyingi tulizipita haraka, maana nguo za bwana harusi hazina la kusema, huku wala kwetu. Ila kuhusu rangi nilielimika. Kumbe shela nyeupe kuwa ni lazima ni jambo la juzi tu. Malkia Victoria aliolewa na gauni jeupe tarehe 10 Februari 1840, magazeti yakasambaza michoro yake, matajiri wakaiga, na wengine tukafuata taratibu. Kabla ya hapo bibi harusi wa Uingereza alivaa gauni lake zuri kuliko yote, la buluu, la kahawia au lenye maua, kisha akaendelea kulivaa Jumapili zinazofuata mpaka lichakae. Kwa hiyo ule ugomvi wa kundi, uliodumu wiki nzima na kusababisha wajumbe wawili kujitoa, kwamba shela ya rangi ya maziwa haifai kuingia kanisani, naomba ufungwe rasmi. Waliojitoa warudishwe, hasa yule wa vinywaji.

Nije kwenye shela niliyotaka mdogo wangu aione. Hii si ya sinema, ni ya mwenye nyumba. George na Edith walipata mtoto mmoja tu, Cornelia, aliyezaliwa mwaka 1900 humo humo ndani. Tarehe 29 Aprili 1924 akaolewa na John Cecil, mwanadiplomasia Mwingereza aliyekuwa ubalozi wa Washington. Ndoa ilifungwa kanisa la All Souls, hapo chini kijijini, kanisa ambalo baba yake mwenyewe ndiye aliyelijenga, na waandishi wa habari walijaa kuliko wajomba. Alivaa satini iliyonyooka, mikono mirefu, bila madoido, mtindo wa miaka ile. Sasa gauni lenyewe halipo. Watu wa Biltmore wakawaendea Cosprop, nao wakakusanya picha za siku ile, nyeusi na nyeupe, wakazitazama mshono kwa mshono, wakashona jipya. Kilichokuwa halisi ni veli, lesi ya zamani ya ukoo, ambayo mama yake Cornelia na bibi yake waliivaa kabla yake.

Shangazi, mimi nilisimama pale nikacheka peke yangu mpaka yule mlinzi akanisogelea. Hiyo si ndiyo kazi ya fundi wetu? Fundi wetu anapewa simu, anaivuta picha kwa vidole viwili, anasema “hii nimeiona”, anaingia kazini. Na London nao hivyo hivyo, wameona picha wakashona, wakawekewa taa, na watu tumelipa laki kuja kushangaa. Tofauti niliyoiona ni moja. Wale walimaliza kabla ya siku yenyewe.

Nyie mtauliza ndoa ya Cornelia iliendeleaje. Walipata watoto wawili wa kiume. Mwaka 1930, hali ya uchumi ikiwa mbaya, wakaifungua nyumba kwa watalii, na kiingilio kikaanza hapo. Mwaka 1934 wakaachana. Cornelia alikwishaondoka zake, akaishia kuishi Ulaya. Bwana Cecil yeye hakuondoka. Alibaki Biltmore mpaka alipofariki mwaka 1954. Nawaachia wazee wa ukoo walijadili hilo, mkwe aliyeachwa na mke akaendelea kuishi ukweni miaka ishirini. Bibi yangu, mzoefu wa talaka, alisema kwa vyumba 250 hata yeye asingetoka.

Na kuna harusi nyingine inayopita kwenye nyumba hii. Grace Kelly, mwigizaji, sehemu ya filamu yake The Swan ilipigwa Biltmore, naye humo anaigiza binti wa kifalme. Filamu ilitoka Aprili 1956, mwezi ule ule alioolewa kweli na Mwanamfalme Rainier wa Monaco. Shela yake ilibuniwa na Helen Rose, yule yule aliyebuni nguo zake za kwenye The Swan, na ikashonwa na mafundi wa studio ya MGM. Ilikuwa zawadi kutoka studio. Nanyi msidhani wale ni watu wa kutoa zawadi bure, maana MGM hao hao ndio waliopata haki ya kuipiga filamu harusi yenyewe, wakaionyesha kwenye majumba ya sinema. Yaani mpiga video ndiye aliyemnunulia bibi harusi shela! Wa kwetu mmempangia laki nane, na bado ndiye atakayetuambia tusile mpaka apate taa. Jaribuni kuongea naye kuhusu utaratibu wa Monaco.

Tulipotoka, Bibi alikuwa na furaha. Aliniuliza kama nitaoa. Nikamwambia natafuta kwanza vyumba 249.

Sasa maombi yangu kwa kamati, na naomba yasomwe kikaoni bila kurukwa.

Kodini shela. Kinondoni zipo, Kariakoo zipo, zinafuliwa, zinarekebishwa kiuno, zinavaliwa saa nane, zinarudishwa Jumatatu. Msiniambie kukodi ni aibu wakati nimeona kwa macho yangu nguo za waigizaji wakubwa, zote zina mwenyewe London anayezihesabu zikirudi. Milioni nne zile ziende kwenye chakula, maana hakuna mgeni aliyewahi kurudi nyumbani akilalamika kwamba shela haikuwa na mkia mrefu, ila wali ukipungua tunasemwa mpaka ubatizo wa mtoto wa pili. Kama mdogo wangu ana lazima ya kuwa na kitu kisichokodiwa, Shangazi fungua lile sanduku lako la bati. Veli yako bado imo, nimewahi kuiona, na lesi yake ni nzima. Cornelia alivaa ya mama yake na hakuna gazeti lililomcheka.

Mchango wangu nimeutuma leo asubuhi kwa simu ya mtunza hazina. Aupokee, atoe stakabadhi, na aandike kwenye daftari kwamba ni wa wali na nyama.

Wasalaam,
Mtoto wenu wa Asheville