Kikao cha Sukari

Ukitaka kujua wazazi wanaithamini chekechea yao kiasi gani, usiwaulize, waite kikaoni. Ajenda ya ujenzi wa darasa la pili itapita upesi, maana hakuna anayejua bei ya nondo na hakuna anayetaka ijulikane kwamba hajui. Ikifika zamu ya sukari ya uji, kila mtu ni mtaalamu. Mmoja atadai kilo mbili ni nyingi, mwingine atauliza mbona uji wa Jumatano ulikuwa kama maji ya kunawia, na mwekahazina, ambaye daftari lake lina mstari usemao "nauli ya kufuata sukari", ataanza kupangusa jasho. Duka lenyewe liko ng'ambo ya barabara. Watu huvicheka vikao hivi, nami huvicheka pia, lakini nashikilia kuwa hapo ndipo shule inapoendeshwa. Mzazi hulinda anachokifahamu, na pesa inayohesabiwa mbele ya akina mama wanaonunua sukari kila siku haina pa kujificha.

Wala wazo la wazazi kuendesha shule si la jana. Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan kisha ukafika Zanzibar na Uganda, uliwataka wanajamii wawe na kamati yao, watoe mahali pa kusomea, na mabinti na akina mama wa pale pale wafunzwe ualimu. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, visoda na makopo, vitu ambavyo mzazi hawezi kusingizia kuwa havipatikani. Kenya bara nako, kabla ya Katiba ya 2010 kuzikabidhi kaunti elimu ya awali, nasari nyingi zilisimama kwa mifuko ya wazazi: wao walimtafuta mwalimu, wao walimlipa, na mwezi ukiwa mbaya mwalimu aliwakopesha bila kuombwa. Hata kijiji cha Villa Cella, Italia, kilianza shule ya watoto wadogo mwaka 1945 kwa fedha za kuuza kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani. Kama kamati za huko zinafanana na za kwetu, kifaru kiliuzwa haraka na farasi wakabishaniwa mpaka magharibi.

Watasema wazazi hawajui malezi ya kitaalamu. Kweli, wengi hawajui. Waachie ratiba ya darasa na mtoto wa miaka minne atarudi nyumbani na kazi ya kuandika kurasa tatu, ataimba Kiingereza asichokielewa, na mwisho wa mwaka atavishwa joho linaloburura vumbi, kofia imemziba macho, akihitimu ujuzi wa kukata karatasi. Kwa hiyo ufundishaji abaki nao mwalimu, na kamati ikae mlangoni: ihesabu, ilipe, itengeneze bembea. Hoja kwamba serikali ifanye yote ina uzito kwenye mishahara. Lakini bawaba ya mlango wa choo ikikatika Jumatatu asubuhi, barua ya kuomba nyingine itafika ofisini wakati mtoto yuko darasa la tatu. Mzazi mwenye nyundo yuko jirani.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine. "Wazazi" kwenye orodha ya zamu maana yake ni akina mama. Wao hufika alfajiri na mwiko, wakaacha genge halijafunguliwa, na hiyo ni gharama ambayo daftari la mwekahazina haliiandiki. Akina baba huja siku ya uchaguzi wa mwenyekiti, wakiwa wamepiga pasi. Kuivunja kamati hakutawapunguzia akina mama mzigo, kutawapunguzia sauti tu. Dawa ni katiba ya shule kuongezewa kifungu kimoja: hakuna kugombea uenyekiti kabla ya kukoroga uji wiki nzima, na ukiungua, mgombea aunywe mwenyewe.