Kiatu cha Kushoto

Alhamisi mke wangu alikwenda msibani Tanga, akasema anarudi Jumapili. Dada wa kazi naye alikuwa kwao Singida tangu sikukuu. Aliomba siku 3, sasa ilikuwa wiki ya 3. Nikabaki mimi, baba wa nyumba, na wanangu wawili: mmoja darasa la pili, mwingine miaka 4. Nikajiambia, kwani kazi iko wapi hapo?

Kazi ilianza Ijumaa, saa 10:40 alfajiri. Gari la shule hupita kwetu Mbagala saa 11:15, giza totoro, likazunguke mitaa yote kabla ya kufika shule ambayo kwa bodaboda ni dakika 15. (Aliyepanga ruti ile nadhani hana watoto.) Nikabandika uji, nikamwamsha mkubwa, nikatoa sare. Soksi zipo. Kiatu cha kulia kipo. Cha kushoto hakipo.

Nikainama chini ya kitanda. Nikakuta sahani ya juzi, rimoti tuliyoitafuta tangu Ramadhani, na mende aliyenitazama kama vile mgeni ni mimi. Kiatu hakuna. Hapohapo umeme ukakatika. LUKU ilikuwa ikilia tangu jana, nami nikadhani ni midoli ya watoto.

Nikanunua umeme kwa simu, nikampa mkubwa anisomee zile tarakimu 20.

"Nne, saba, saba... Baba, hii sita au tisa?"

"Soma vizuri."

"Ni sita. Ila nikigeuza simu ni tisa."

Mara ya tatu ndipo umeme uliporudi, ukanionyesha uji umefurika, umezima moto wa gesi na sasa unateremka taratibu kuelekea kwenye begi la shule. Nje, honi. Matroni akaita mara mbili. Gari likaondoka.

Mdogo akatokea mlangoni akifikicha macho. "Baba, unatafuta nini?"

"Kiatu cha kaka."

"Shhh! Amelala."

Akanishika mkono hadi kwenye beseni la nguo chafu. Kiatu kilikuwa humo, kimefunikwa khanga ya mama yake hadi shingoni, kama kiatu kina shingo. Kilikuwa kinaumwa, akanieleza, na usiku alikipa dawa. Nikakiinua. Dawa yenyewe ilikuwa mafuta ya nazi, na mgonjwa alikuwa ameyanywa yote.

Mkubwa alikwenda shule kwa bodaboda, kulia kiatu cheusi, kushoto kandambili ya bluu. Mwalimu wa zamu nilimwambia mtoto ana kidonda. Mdogo, aliyekuwa amekaa mbele yangu kwenye pikipiki, akanisahihisha: "Si yeye. Kiatu ndiyo kinaumwa."

Saa 2 mke wangu alipiga simu kuuliza tunaendeleaje. Nikamjibu salama kabisa, kisha nikamtumia dada wa kazi nauli ya basi kutoka Singida, na ya kutolea.